Baba Mdogo, Kabla Hujachimba Shimo la Mwanzi

Baba Mdogo,

Nakuandikia kutoka Loxahatchee, Florida. Mimi ni mzima, ni mgongo tu unaolalamika. Ujumbe wako wa sauti uliingia saa nane usiku, maana kwenu ilikuwa saa tatu asubuhi na chai ulikuwa umeshakunywa. Niliusikiliza nikiwa chali, simu kifuani. Dakika sita: mbili za habari za nyumbani, tatu za mwanzi, na ya mwisho jogoo wa Mama Mdogo alikunyang'anya.

Nakujibu hapa gazetini badala ya WhatsApp kwa sababu si wewe peke yako unayeniuliza. Tangu ijulikane kwetu Mitunguu kwamba nafanya kazi kwenye shamba la mianzi Marekani, nimekuwa mtaalamu bila kusomea. Mmoja amesikia kwamba ekari moja itampa mamilioni. Mwingine ameambiwa serikali iliuingiza mwanzi kwenye orodha ya mazao ya biashara mwaka 2020, na hilo ni kweli, ila juu ya ukweli huo akauziwa miche asiyoijua hata ni ya aina gani. Wewe nawe unataka kung'oa migomba ya nusu ekari kule chini mtoni. Basi ngoja nikuonyeshe kwanza siku yangu inavyokwenda.

Tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa bado na adabu. Unakumbuka watu wa Nkubu wanavyotucheka kwamba Mitunguu ni jikoni? Wangekuja huku Julai. Joto la hapa linakukumbatia likiwa limelowa, na hata ukisimama kivulini shati halikauki. Jimbo hili lilipitisha sheria, ikaanza kutumika Julai 2024, inayozikataza kaunti na miji kuwalazimisha waajiri wawape wafanyakazi maji, kivuli na mapumziko kwa ajili ya joto. Kwa hiyo kivuli kimebaki kuwa hisani ya msimamizi. Wa sasa ni mtu mwema. Kwingine nilikowahi kufanya kazi, muda wa kunywa maji ulikatwa kwenye malipo, nikakaa wiki tatu nikaaga.

Kazi ya kwanza ni kutazama majani. Mwanzi ulio kwenye chungu cha plastiki ukiona kiu hukunja majani yake kwa urefu, kila moja likawa jembamba kama mrija wa soda. Ukipita kwenye safu ukaona kichaka kimoja kimekonda kuliko wenzake, jua mrija wake wa maji umezibwa na mchanga. Unauzibua kwa sindano, unangoja, na kabla ya saa sita majani yamefunguka tena. Mimi hilo linanifurahisha kila siku, sijui kwa nini.

Halafu kugawa vichaka. Siku ya kwanza msimamizi aliuliza ni nani amewahi kutenganisha mmea unaozaa kwa machipukizi, nikainua mkono kabla hajamaliza. Mgomba si mti, na mwanzi pia si mti, ni nyasi tu iliyojisahau. Kazi ya kumtoa mtoto kwa mama bila kumjeruhi yeyote nimeifanya tangu darasa la tatu, kwa lile panga lako la mpini wa kitambaa. Uliponifundisha kuacha mama, binti na mjukuu kwenye kila shina, hukujua unanitafutia kazi Marekani. Tofauti ni kwamba mizizi ya mwanzi imeshikana kama kamba ya katani, mtaimbo unadunda. Tunakata kwa msumeno wa umeme. Wawili wanasukuma na mmoja anatukana. Wa kutukana huwa ni mwenzangu kutoka milima ya Guatemala, na hatukani kwa Kihispania. Anatukana kwa Kikanjobali, lugha ya Wamaya wa kwao, ambao ni wengi kaskazini kidogo ya hapa, Indiantown, tangu vita vilipowafukuza miaka ya 1980. Aliponiuliza kama kwetu tuna lugha nyingine nyuma ya Kiswahili, nilimtolea matusi mawili ya Kimeru. Tangu siku hiyo tunakula pamoja.

Nikueleze chipukizi, kwa sababu ndicho kitu ambacho wauza miche hawakuelezi. Mvua zikianza, Juni hivi, ardhi inapasuka ubavuni mwa kichaka na kinatokea kitu kama pembe ya ng'ombe, kimevikwa maganda ya kahawia. Kwa aina nyingine maganda hayo yana vinyweleo vinavyowasha kama upupu. Sasa tazama kiuno chake, maana hicho ndicho kiuno atakachozeeka nacho. Mwanzi haunenepi. Hutoka ardhini na unene wake wote, kisha unarefuka tu, na baada ya miezi miwili au mitatu umemaliza urefu. Kichaka kichanga hutoa mianzi myembamba, na kila mwaka kinatoa minene kuliko ya mwaka uliotangulia, mpaka kikomae. Kwa hiyo mtu akikuonyesha picha ya mwanzi mnene kama paja na kukwambia ndio utakaovuna mwakani, mpe chai umsindikize. Na chipukizi lenyewe ni laini ajabu. Nililivunja moja wiki yangu ya pili nikiburuta mpira wa maji. Lilikatika kama tango, na likivunjika ndio basi, halirefuki tena.

Kuna aina moja ya asili ya kusini mwa China ambayo mianzi yake michanga hufunikwa na unga mweupe, ungedhani imepakwa chokaa. Ukiishika, alama za vidole zinabaki. Alama zangu ziko kwenye bustani nyingi za watu wasionijua.

Na hapo ndipo pesa zilipo. Kichaka cha mita tatu au nne, kwenye chungu cha galoni 15, kinauzwa zaidi ya dola 100. Najua umeshaanza kupiga hesabu, rudisha kalamu mfukoni. Mteja wetu hanunui mwanzi ajengee wala asukie kapu. Ananunua ukuta. Nyumba za huku zimepangwa dirisha kwa dirisha, na mwenye nyumba akifika shambani kwetu swali lake la kwanza ni lile lile kila Jumamosi: itachukua muda gani mpaka nisimwone jirani? Tunamwambia miaka miwili. Anauliza kama tuna inayoharakisha zaidi.

Nilicheka mwanzoni. Halafu nikakumbuka kwamba nimeishi mtaa huu miaka minne na jirani yangu wa kulia namjua kwa rangi ya gari. Mpaka wako wewe na jirani wa juu umepandwa grivilea, nao unaonekana toka barabarani, lakini katikati yake kuna njia iliyochimbwa na miguu ya watoto wanaotumwa chumvi. Hakuna atakayekulipa dola 100 uizibe.

Usidhani lakini biashara hii ni ya kulala. Jumatano 9 Oktoba 2024, kimbunga Milton kilikuwa bado baharini upande wa pili wa Florida, sisi tukajiona salama. Asubuhi tulilaza vyungu vyote ubavu, safu baada ya safu, kama wagonjwa kwenye wodi, maana chungu kilichosimama upepo hukirusha. Alasiri simu zetu zikalia zote kwa pamoja. Kilichokuja si kimbunga chenyewe bali tufani za kuzunguka zilizokitangulia, na moja ilipita Wellington na vitongoji vya huku kwetu, ikang'oa mapaa. Mimi na Mguatemala wangu tulikaa bafuni tumejifunika godoro. Mianzi ya mbele ya nyumba ililala mpaka chini, ikainuka. Mwembe wa jirani haukuinuka. Wiki mbili zilizofuata tulisimamisha vyungu kimoja kimoja, na hakuna aliyetuuliza habari za mgongo.

Sasa turudi kwako. Kwanza, mwanzi wa Mlima Kenya, ule ambao wazee wanaujua, unapenda baridi ya juu, mita 2,400 kwenda mbele. Ukiuteremsha Mitunguu utausikitisha bure. Aina za joto ni zile kubwa za kutoka Asia, na taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, imezijaribu kwa miaka mingi. Kawaulize wao kabla ya kumuuliza kijana mwenye pikipiki na kijitabu cha rangi. Pili, mwanzi mkubwa una kiu. Unakumbuka vita vya zamu ya maji ya mradi wa umwagiliaji, watu wakiamka usiku kulinda mifereji yao? Ongeza hapo nusu ekari ya mmea usiojua kunywa kidogo. Tatu, soko. Tangu mwaka 1986 ilipopigwa marufuku kukata mianzi kwenye misitu ya serikali, mafundi wetu wengi wamezoea mkaratusi na grivilea. Fundi hawezi kununua kwa wingi kitu ambacho mkono wake haujakizoea. Lori la ndizi nalo linasimama Mitunguu karibu kila siku. Broka anakupunja kwenye mizani, naam, lakini anakuja. Broka wa mwanzi umewahi kumwona?

Sikatazi. Kando ya mto, pale mlipoambiwa mng'oe mikaratusi, panda vichaka vitano au sita vishike udongo. Kila mwaka, mkungu ukizidi uzito, unanunua magongo ya kuegemezea migomba au unakata matawi ya mti wako mwenyewe, ile miti ambayo mhesabuji wa TIST, ule mradi wa miti, anakuja kuipima unene. Mwanzi wa miaka mitatu ni gongo bora kuliko hayo yote, mwepesi, mnyoofu, na ukiukata kichaka hakifi. Nyanya za Mama Mdogo nazo zinahitaji fito. Hiyo ndiyo biashara ninayoiona kwako, na wala si ya kuuza, ni ya kuacha kununua.

Migomba ya chini usiiguse. Ile ya kona, ya karibu na mfereji, niliipanda mimi.

Na yule aliyekuuzia wazo hili, mpigie umuulize mambo matatu tu: nani ananunua, yuko wapi, na gari lake linafika Mitunguu siku gani? Akikujibu, nirekodie jibu lake unitumie, hata kama huku ni saa nane usiku.

Mwanao,
wa Loxahatchee