Kidole cha Shahada na Nauli ya Pili

Ndugu yetu mmoja, fundi seremala wa Kasulu, alikatwa kidole cha shahada na msumeno wa mashine. Kilibaki kikining'inia kwa ngozi kidogo. Sisi wa msikiti wa kwao, Kibondo, tulichangishana baada ya Ijumaa, akasafirishwa hadi hospitali ya mbali, na madaktari wakakiunga mfupa, kano na mishipa. Aliporudi tulimshukuru Mwenyezi Mungu, na kwa mkono wetu wa ukatibu tukaandika katika daftari: "Shughuli imekamilika."

Haikuwa imekamilika. Alikuwa ameagizwa kurudi kliniki kwa mazoezi ya viungo, naye hakuwa na nauli, wala hakuna aliyemwuliza. Kwa huruma tulimwambia aupumzishe mkono. Mama yake akamlisha, mkewe akamfunga vifungo vya kanzu. Baada ya miezi mitatu kidole kilikuwa hai lakini kimepinda. Katika tahiyatu hakikunyooka. Tulimwona akikificha chini ya kiganja cha kushoto, tukainamisha macho.

Mwaka 1965, huko Nara, Japani, madaktari Komatsu na Tamai waliunga kidole gumba kilichokatika kabisa. Elimu hiyo imeenea tangu hapo, lakini haimwondolei mgonjwa sehemu yake. Mshipa wa fahamu huota takriban milimita 1 tu kwa siku, na kano isiyochezeshwa hugandamana na nyama zilizo jirani nayo. Mazoezi yana wakati na kipimo chake: yakiharakishwa, mshono hukatika, yakicheleweshwa, kiungo hukakamaa. Ndiyo maana huongozwa na mtaalamu, si na huruma zetu.

Katika Sahihi Muslim, Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba mwanadamu ameumbwa na viungo 360, na Hadithi nyingine yasema kwamba kila kiungo kina sadaka yake. Sisi tulimtolea sadaka mtu, tukakisahau kiungo.

Sasa amerejea kliniki. Jioni hukinyoosha kidole huku mwanawe akimhesabia. Alfajiri mkewe humpashia maji ya udhu, kwani kidole kilichoungwa huuma kwa baridi, na baridi ya milima yetu haina simile. Kimenyooka nusu, fundi wa mazoezi hakuahidi zaidi.

Ndugu Waislamu, mnapomchangia mgonjwa nauli ya kwenda kupasuliwa, changeni papo hapo na ya kurudi kliniki. Katika daftari letu tumeifuta ile sentensi, na chini yake tumeandika tarehe ya safari yake ijayo.