Uzi Juu ya Tufe

Kutoka Nairobi hadi London ni takriban kilomita 6,840 angani. Nilizijua kwa kichwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, nilipokuwa karani kijana katika chumba cha mipango ya safari kwenye uwanja wa ndege wa Embakasi. Abiria hawakuwa na haja nazo. Wao waliuliza tu: tutafika saa ngapi?

Mzee aliyenifunza kazi hakuanza na ramani. Alichukua tufe, akabana ncha moja ya uzi kwa kidole juu ya Nairobi, nyingine juu ya London, kisha akauvuta hadi ukakaza. Uzi ukapita Sudan, ukaikata Libya, ukavuka Mediterania na kupita karibu kabisa na Roma. Kwa hiyo kutua Roma hakukuongeza kilomita za maana, ila kuliongeza saa: kushuka, kujaza mafuta, kusubiri zamu, kupaa upya. Ndege za Comet za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, zilizoanza kazi mwaka 1960, hazikuwa na hiari, kwani mafuta yake hayakutosha kufika London kwa mkupuo mmoja.

Ndege za Super VC10 za shirika hilohilo, zilizokuja mwaka 1966, ziliweza. Injini zake nne zilikaa zote mkiani, na ndege yenyewe ilibuniwa kwa ajili ya viwanja vya joto vilivyo juu kama chetu. Embakasi ipo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na jua la saa nane mchana huzidi kuifanya nyepesi. Mabawa hayapati nguvu ya kutosha na injini hupungukiwa. Usiku, kukiwa na baridi, ndege ileile hupaa na mzigo mkubwa zaidi. Abiria walidhani safari za usiku ni hisani yetu ili wapate kulala!

Halafu kuna upepo. Juu ya Sahara na Mediterania huvuma kwa nguvu kutoka magharibi, na London ipo kaskazini-magharibi, basi kwenda kulikuwa kama jahazi linalopiga mbisho. Kurudi kulikuwa kwepesi zaidi. Hata leo, kwenda bila kutua huchukua karibu saa tisa, na kurudi hupungua kidogo.

Mwaka 1977 shirika lilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Nairobi na Dar es Salaam zimeachana kwa kilomita zisizofika 700, mwendo wa saa moja na ushei. Jamaa zetu wakawa wanazunguka kupitia nchi ya tatu ili kuwahi mazishi, na wengine hawakuwahi. Mpaka haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Hakuna upepo wala uwanja uliowahi kurefusha safari kiasi hicho. Hiyo ilikuwa kazi ya wanasiasa.