Lubumbashi, Mji Uliojengwa na Watu wa Mbali

Msafiri afikaye Lubumbashi huona kwanza vitu viwili: dohani ndefu ya tanuru la shaba, ipitayo mita 150, na kando yake kilima cheusi kisichoota majani. Kilima hicho hakikuumbwa pamoja na nchi. Ni mabaki ya mawe yaliyoyeyushwa tanuruni tangu mwaka 1911, yakamwagwa hapo mchana na usiku kwa miaka mingi. Kila kikapu cha mabaki hayo kilipita mikononi mwa watu, na wengi wao hawakuzaliwa hapa. Ndiyo sababu tumependa kuwaeleza wasomaji wetu habari za mji huu. Maana anayetaka kujua jinsi serikali inavyoweza kuhamisha watu kwa ajili ya kukuza mali ya nchi, na aje ajifunze Katanga.

Shaba yenyewe ni ya kale. Mababu waliichimba na kuiyeyusha, wakaifanya misalaba midogo iliyotumika kama fedha katika nchi nyingi. Lakini kampuni ya Union Minière ilipoundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ilipofika mwaka 1910, palionekana shida moja kubwa: mawe yalikuwa mengi, watu walikuwa wachache. Nyanda hizi za juu zilikuwa na vijiji vidogo vilivyoachana sana. Nani atachimba?

Basi, mwaka huohuo wa 1910 iliundwa ofisi ya kutafuta wafanyakazi, iliyoitwa Bourse du Travail du Katanga. Waandikaji wake walikwenda vijijini, huko Lomami na kwingineko. Wengine walitafuta watu Rodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kodi ililipwa kwa fedha, na fedha haikupatikana kijijini. Kwa hiyo kijana aliyeambiwa na chifu wake aende, alikwenda. Mkataba ulikuwa wa miezi michache. Alitembea safari ndefu, akafika mahali penye baridi na chakula asichokizoea, akalala katika nyumba zilizosongamana. Wengi waliugua, na wengi walikufa. Aliyepona alirudi kwao, na mwingine akaandikwa badala yake.

Tazameni sasa hasara iliyokuwa pande zote mbili. Mgodi ulifundisha mtu kazi, na kabla hajaijua vema akaondoka. Kijiji nacho kilipoteza mikono ya kukata miti na kufungua mashamba, wanawake wakaachwa na kazi yote. Serikali yenyewe iliona hatari hiyo. Katika miaka ya 1920 iliweka tume za kuchunguza jambo hili, nazo zikashauri kwamba hesabu ya wanaume wenye nguvu wanaotolewa vijijini iwekewe mpaka. Kwa wakati uleule migodi mipya ya Rodesia ilianza kuwavuta watu wa kule. Njia ya zamani ilikuwa imefika mwisho.

Kuanzia karibu mwaka 1928 ikafuatwa njia nyingine. Mkataba ukawa wa miaka mitatu, na mfanyakazi akahimizwa kuja na mke wake. Asiyekuwa na mke, kampuni iliweza kumkopesha fedha za mahari. Posho ilitolewa kwa kadiri ya jamaa: sehemu ya mume, sehemu ya mke, sehemu ya kila mtoto. Nyumba za matofali zilijengwa, pamoja na mahali pa kuzalia na pa kupimia watoto. Na shule za kambini zikawekwa mikononi mwa wamisionari. Huko Afrika ya Kusini wachimbaji waliendelea kukaa katika mabweni makubwa bila wake zao, wakirudishwa kwao mkataba ukiisha. Katanga ilichagua kuwafanya watu wakae. Reli ya kwenda Ilebo, iliyofunguliwa mwaka huo wa 1928, ikarahisisha safari za watu wa Kasai.

Je, njia hiyo ilikuwa njema? Tuseme haki. Vifo vilipungua, watoto walizaliwa na kusoma, na kizazi cha mafundi kikakua. Hata Kiswahili cha mji huu ni tunda lake, maana Mluba, Mbemba na Msonge walihitaji lugha moja ya kuzungumza kazini na kisimani. Lakini aliyepewa nyumba hakuwa mwenye nyumba. Kazi ikiisha, nyumba imekwisha. Bei ya shaba ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1930, maelfu waliachishwa kazi na kurudishwa makwao. Na mnamo tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi waliogoma wakidai mshahara wa kutosha walipigwa risasi katika uwanja wa mpira wa mji huu. Zaidi ya 40 walikufa. Mwenye kumlisha mtu na watoto wake humwona upesi kama mtoto, naye hapendi kumsikia akisema.

Mwaka 1967 serikali ya nchi yetu iliitwaa migodi, na baadaye kampuni ikaitwa Gécamines. Desturi ya kutunza jamaa ilibaki: unga, shule, hospitali. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mambo yakaharibika. Fedha zilitolewa bila mitambo kutengenezwa, na mwaka 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa Kamoto ilibomoka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shaba iliyotoka haikufika hata tani 40,000. Mishahara ilikawia miezi na miezi, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa malipo ya mara moja.

Jambo la kuhuzunisha kupita yote lilitokea mwaka 1992 na 1993. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa mamia ya maelfu, wakalala siku nyingi penye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Wengi walikuwa wana na wajukuu wa wale walioitwa kuja kufanya kazi. Kasai hawakuijua ila kwa masimulizi. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku mgeni alikuja, mwenyeji akapona, halafu mgeni akaulizwa amekuja kufanya nini.

Siku hizi shaba imerudi kwa nguvu. Mwaka 2023 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 2, na hata kilima cheusi kimechimbwa tena kwa ajili ya kobalti. Vijana wanatoka mbali wakienda Kolwezi na Fungurume, wengi bila mkataba, bila posho, wakichimba kwa mikono yao. Kwao hakuna aliyefanya hesabu ya kijiji walichokiacha, wala ya nyumba watakayolala uzeeni.

Historia ya mji huu yatufundisha kwamba haitoshi serikali kuuliza, “Tunahitaji watu wangapi?” Yapasa iulize pia: kazi ikiisha watakaa wapi? Watoto wao watakuwa wenyeji wa wapi? Na kijiji kilichowatoa kitapata nini? Utajiri usiojibu maswali hayo huacha nyuma yake kilima cheusi tu.

Nanyi wanafunzi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, waulizeni wazee wenu walio hai bado: babu alitoka kijiji gani, aliandikwa na nani, na kwa mkataba wa miaka mingapi? Yaandikeni majibu yao katika daftari. Vitabu vya kampuni vimehesabu tani za shaba. Hesabu ya watu ni juu yenu.