Mama alisema haoni, nami sikumwamini

Je, msomaji, umewahi kumkatiza mzazi wako kauli kwa kuwa daktari amesema mambo ni shwari? Mimi nimewahi, na hadi leo naona haya kulisimulia jambo hilo.

Mama alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwaka 2021, jicho la kulia. Kesho yake bandeji ilipotolewa alitazama ukuta wa wadi akacheka. "Kumbe ni wa manjano!" akasema. Alirudi nyumbani Machakos akaendelea kusuka vyondo vyake kama zamani.

Miaka miwili baadaye alianza kulalamika. Ndani ya nyumba aliona vizuri, lakini akitoka nje jua likiwa kali, ilikuwa kana kwamba mtu amemfunika jicho kwa karatasi ya nailoni. Nikampeleka kliniki moja hapa Nairobi. Alisomeshwa herufi za ukutani katika chumba chenye giza, akazisoma karibu zote. Tukaambiwa jicho ni zima, twende nyumbani.

Tukiwa ndani ya matatu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi sioni."

"Lakini Mama, si herufi umezisoma?" nikamjibu.

Alinyamaza. Tangu siku hiyo hakulalamika tena, nami nikadhani mambo yamekwisha.

Desemba nilipokwenda nyumbani nilikuta kiondo kimetupwa nyuma ya mlango, mistari yake imekwenda mrama. Mdogo wangu akaninong'oneza kwamba Mama alikuwa ameanguka mtaroni mchana kweupe, na kwamba alikataza nisiambiwe. "Ataniona nasumbua," ndivyo alivyosema.

Naam, maneno hayo yalinichoma. Januari tulikwenda kwa daktari mwingine. Huyu alimtia matone ya kupanua mboni, akamwinamisha mbele ya darubini iliyofungwa kamera, kisha akatuita tutazame kioo cha kompyuta.

Bila shaka umeona picha za harusi za usiku ambazo watu hutokea na macho mekundu. Wekundu huo ni mwanga wa kamera ulioingia ndani ya jicho, ukagonga utando wa nyuma uitwao retina, ukarudi. Kamera ya daktari hutumia njia iyo hiyo. Jicho likiwa safi, mboni yote hung'aa kwa wekundu. Kukiwa na ukungu njiani, hutokea kama madoa meusi. Mboni ya Mama ilikuwa na madoa chungu nzima, kama mapovu ya sabuni yaliyosongamana.

"Mtoto wa jicho amerudi?" nikauliza.

La hasha, daktari akasema. Mtoto wa jicho akishatolewa harudi. Katika upasuaji huo, lenzi iliyochafuka hutolewa, lakini kifuko chembamba kilichoishika huachwa ili kibebe lenzi mpya ya plastiki. Seli chache husalia ndani ya kifuko. Kwa baadhi ya watu huzaana na kutambaa nyuma ya lenzi mpya, zikaleta ukungu. Gizani mgonjwa aweza kuzisoma herufi nyeusi vizuri. Juani ukungu huo hutawanya mwanga, naye akapofuka kwa mng'aro. Kwa hiyo Mama alikuwa amesema kweli tupu, na ile picha ilikuwa shahidi wake.

Baada ya hapo nilijisomea zaidi. Mwaka 1949 daktari Harold Ridley, wa hospitali ya St Thomas' jijini London, ndiye aliyeweka lenzi ya kwanza ya plastiki ndani ya jicho. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya ndege vilivyowaingia marubani machoni vitani havikulidhuru jicho kama ilivyotarajiwa. Miaka hamsini baadaye, madaktari wa hospitali iyo hiyo walikuwa wakipiga picha kama ile ya Mama na kuzipima kwa kompyuta, ambayo hutenganisha sehemu safi na zenye ukungu na kutoa asilimia. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 1999, walilinganisha lenzi za aina tatu miaka 3 baada ya upasuaji. Plastiki ngumu kama ile ya Ridley ilikuwa na ukungu wa asilimia 56, silikoni asilimia 40, na akriliki laini asilimia 10 tu. Bila kipimo, kila daktari angebaki kusema "kidogo" au "mwingi", na isingejulikana lenzi ipi ni bora. Leo inafahamika pia kwamba lenzi yenye ukingo wa pembe kali huzizuia seli hizo zisipite.

Tiba ilikuwa mwale wa leza uliotoboa tundu katika kifuko hicho. Ilichukua dakika chache, bila kisu. Hata hivyo leza si ya mchezo: yaweza kupandisha shinikizo la jicho, na mara chache retina hubanduka. Ndiyo maana daktari hutazama kwanza ukungu ni kiasi gani na unamsumbuaje mgonjwa.

Siku chache baadaye Mama alinitazama uani, jua la saa sita likiwaka. "Umeanza kuota mvi," akasema, "na hukuniambia."

Msomaji, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mzee wako aliyepasuliwa jicho akikuambia haoni vizuri, usimjibu kwa herufi za ukutani. Muulize ni wapi na saa ngapi haoni, umweleze daktari, na uombe mboni ipanuliwe, kifuko kile kitazamwe. Mama alianguka mtaroni kwa sababu mimi sikuuliza.