Si Mkono Wako, ni Mafuta

Wasee wa bolingi, tuongee ukweli. Gemu ya kwanza unaangusha pini zote 10 mara tatu mfululizo. Gemu ya pili, mpira uleule unakata kushoto mapema, na tayari unasema umeisha. Hujaisha. Leni ndiyo imebadilika.

Leni hupakwa mafuta, na ukisimama kwenye mstari huyaoni vizuri. Kwa kawaida yanafika kama futi 40 kati ya zile 60 za kufikia pini ya kwanza. Kwenye mafuta mpira unateleza. Pakavu unashika na kupinda. Shida ni kwamba kila mpira ukipita unabeba mafuta kidogo. Ukirusha njia moja saa nzima, unajikaushia leni mwenyewe.

Sasa ufanye nini? Kama unarusha na mkono wa kulia, sogeza miguu mbao 2 kushoto, na pale unapolenga mbao 1 kushoto. Leni ina mbao 39, nafasi iko. Bado unakata? Ongeza mwendo kidogo. Kung'arisha mpira pia husaidia, lakini kwenye mashindano rasmi huruhusiwi mkishaanza.

Kinachoniuma ni hiki: beste yangu, mkono safi kabisa, alitaka kuacha timu juu ya siku moja kama hiyo. Mwingine alikuwa tayari kumwaga pesa za semesta kwa mpira mpya. Jamani, kusogeza miguu ni bure. Jaribu hiyo kwanza, halafu uniambie.