Kabla ya Ngumi, Jembe

Rika letu, sisi tuliozaliwa karibu na Uhuru tukakulia Temeke, Chang'ombe, Magomeni na Kinondoni enzi ambazo mikorosho na minazi bado iligombea nafasi na nyumba, limefika umri wa kuulizwa mambo. Vijana huja na shikamoo zao, wakakaa, wakauliza habari za Azimio la Arusha, za vita vya Kagera, za foleni ya sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tunawajibu, maana kujua ni haki yao na kusimulia ni wajibu wetu. Ila sijapata kumsikia kijana akiuliza tulikuwa tunaangalia nini. Pengine wanadhani watu waliopanga foleni hawakuwa na starehe. Tulikuwa nazo, tena tulizifuata kwa miguu, na mojawapo ndiyo inayonifanya leo nikae na wajukuu zangu mbele ya simu, tukitazama katuni ya Kijapani iitwayo Dragon Ball, huku wazee wenzangu wakinishangaa. Wao husema ni makelele ya watu wenye nywele za njano. Mimi nasema ile picha naijua, na wao wanaijua pia, kama wangetulia wakaitazama.

Katika miaka ya 1970 Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi. Sisi tulingoja mpaka 1994. Picha zilikuwa mjini, Empire, Avalon, Odeon, Cameo, Empress, na kwa wenye magari kulikuwa na Drive-In, ambayo kiwanja chake sasa kina ubalozi wa Marekani. Kijana wa Temeke aliyekosa nauli ya basi la UDA alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na njia nzima ya kurudi ilikuwa ni kuichambua picha teke kwa teke. Picha za Kihindi zilikuwa na watu wake, na za Kimarekani zilikuwa na watu wake. Lakini ilipoingia ngumi ya Kichina, vijana wote tuligeuka upande mmoja. Bruce Lee alifariki Julai 1973 akiwa na miaka 32, kabla Enter the Dragon haijaanza kuonyeshwa, kwa hiyo wengi wetu tulimpenda mtu ambaye tayari alikuwa kaburini, na baadhi tulikataa katakata kuamini kwamba amekufa. Steringi hafi, hiyo ilikuwa kanuni, na tuliona ajabu kwamba nje ya ukumbi kanuni haikufuatwa.

Wachina wenyewe hawakuwa wageni kwetu. Walikuwa wamejenga kiwanda cha nguo cha Urafiki, na kuanzia 1970 walikuwa wakijenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ambayo stesheni yake kubwa ilisimama upande wetu wa mji. Tuliwaona wamevaa nguo za aina moja, wanaamka alfajiri, wanakula pamoja, wanafanya kazi za mikono mhandisi kwa kibarua. Bila shaka kila mtoto wa mtaani aliamini kwamba yule fundi mwembamba anayepima udongo angeweza, akikasirishwa, kuruka ukuta. Nadhani hatukuwa tumekosea sana kuiunganisha reli na zile picha, maana zote mbili zilikuwa zikituonyesha watu wanaofanya jambo gumu polepole mpaka linaisha.

Hapo ndipo ninapotaka vijana wanisikilize. Anayezikumbuka zile picha kwa ngumi tu hakuzitazama vizuri. Sehemu kubwa ya The 36th Chamber of Shaolin, ya mwaka 1978, ni mtu anabeba maji, anapanda ngazi, anapigwa, anaanza upya. Katika Drunken Master, ya mwaka huohuo, Jackie Chan ananing'inizwa miguu juu, kisha anachota maji kutoka ndoo ya chini kwa vikombe vidogo mpaka ajaze ndoo ya juu, na mwalimu wake, mzee mlevi asiye na huruma, yuko pembeni anastarehe. Sisi tuliokuwa tukichota maji kwenye bomba la mtaa kabla ya kwenda shule tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa sababu ndoo tulizijua. Wenzetu waliotaka zaidi ya kutazama walikwenda Upanga, shule ya Zanaki, ambako katika miaka hiyo ya 1970 Nantambu Camara Bomani, Mmarekani Mweusi aliyehamia kwetu, alifundisha karate ya Goju-Ryu, mtindo wa kutoka Okinawa. Wengi waliingia wakitarajia kuruka wiki ya kwanza. Walikuta kusimama. Kusimama tu, magoti yamekunjwa, ngumi kiunoni, mpaka mapaja yanatetemeka. Waliobaki ni wachache, na hata sasa unaweza kuwatambua kwa jinsi wanavyokaa kwenye kiti.

Basi mwaka 1984 huko Japani mchoraji mmoja, Akira Toriyama, alianza kuchora hadithi hiyo ya Dragon Ball katika gazeti la vijana. Aliuchukua mwanzo wake kwenye ngano ya kale ya Wachina, ile ya nyani mwenye fimbo na wingu la kupanda, lakini kilichompa hamu, kwa maneno aliyoyarudia mwenyewe, ni Drunken Master, picha ileile tuliyoichambua sisi barabara nzima. Hata yale macho makali ya shujaa wake anapobadilika nywele, alieleza kwamba aliyatoa kwenye mtazamo wa Bruce Lee. Kwa hiyo mjukuu anayeniambia kwamba mimi siwezi kuielewa katuni yake, anazungumza na mtu aliyekunywa maji ya kisima kimoja na mchoraji. Mfululizo wa televisheni ulianza Februari 1986 ukaenda vipande 153. Wiki moja baada ya kwisha ukafuata Dragon Ball Z, tarehe 26 Aprili 1989, siku ambayo sisi tulikuwa tunaadhimisha miaka 25 ya Muungano bila habari yoyote kwamba duniani kuna mtu anaitwa Goku.

Kipo kisa katika mfululizo ule wa kwanza ambacho ningependa kila mzee wa Mbagala na Mwananyamala akitazame. Goku, mtoto mwenye nguvu za ajabu, na mwenzake Krillin wanakwenda kwa Mzee Kobe, Kame Sennin, awafundishe kupigana. Mzee hawafundishi ngumi hata moja. Anawaamsha alfajiri wagawe maziwa nyumba kwa nyumba, kwa miguu, kwenye njia za milimani. Wakimaliza, wanalima shamba kwa mikono mitupu. Kisha wanakaa chini kusoma, wanapumzika, wanakwenda kufanya kazi za ujenzi, wanaogelea wakifukuzwa na papa. Baadaye anawavisha magamba ya kobe ya kilo 20 mgongoni na kuwaambia waanze tena. Inakwenda hivyo miezi minane. Niliposimamisha simu kumweleza mjukuu kwamba mimi nimeyafanya haya, alidhani babu anatania. Nilimwambia: Jeshi la Kujenga Taifa. Sisi tuliomaliza kidato cha sita tulikwenda kwa mujibu wa sheria, mtoto wa bwana mkubwa na mtoto wa mpagazi wa bandarini. Mchakamchaka kabla ya jua, kwata, kisha jembe, kisha tofali, kisha jembe tena. Kuruta aliyeuliza ni lini atashika bunduki aliongezewa matuta. Hatukupenda. Wapo waliochukia mpaka leo, na wana sababu zao, maana si kila afande alikuwa mwalimu. Lakini tulitoka pale tukijua kiasi cha mzigo ambao mwili unaweza kubeba baada ya akili kusema basi, na elimu hiyo ndiyo iliyotuvusha miaka ya 1980 ambayo mishahara ilikwisha kabla ya wiki ya pili na tukalima bustani nyuma ya nyumba za serikali tukiwa na shahada zetu.

Yule mzee, niseme wazi, ana tabia mbaya mbele ya wanawake na kwa hilo hafai kuigwa. Nimewaambia wajukuu hivyo, nao wamekubali. Ila tazama anachofanya baada ya mafunzo. Wanafunzi wake wanaingia mashindano makubwa, naye anavaa nywele za bandia, anajiita Jackie Chun, jina ambalo hata mtoto anajua limetoka wapi, anaingia ulingoni na kumshinda mwanafunzi wake katika fainali. Sababu yake ni kwamba wakishinda mapema wataona wamefika. Mimi sijaona mahali pengine penye heshima kubwa kwa wazee kama hapo: mzee anayejibadilisha jina ili kijana asijue ni nani amemzuia, naye hataki shukrani.

Miaka ya 1980 ilipoelekea ukingoni, deki na kanda za video ziliingia uswahilini, na vibanda vikaota Tandika, Manzese, Tandale na kote. Kuta za magunia au mabati, mabenchi, televisheni ndogo juu ya meza, jenereta nyuma linalokohoa. Wadogo zetu waliziona picha zilezile humo, lakini kwa faida ambayo sisi hatukuwa nayo: mfasiri. Kapteni Derek Mukandala, ambaye mji ulimjua kwa jina la Lufufu, aliichukua picha ya Kichina au ya Kihindi akaisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti yake, akiwapa wahusika majina, akitia mizaha na maonyo ya kwetu, mpaka mtu akaenda kwa ajili ya Lufufu na picha ikawa kisingizio. Huko Kenya wakapata DJ Afro. Wasomi wengine waliona huo ni uharibifu wa kazi za watu. Mimi naona ndiyo kazi ya sauti ilivyo. Inaweza kuibeba picha nzima. Na hapa nina habari ambayo huwa naitoa polepole mbele ya vijana ili niwaone nyuso zao. Ile sauti ya Goku kwa Kijapani, ile inayopiga ukelele mpaka spika za simu zinapasuka, ni ya bibi. Masako Nozawa alizaliwa 1936. Ameshika nafasi hiyo tangu 1986, ameigiza pia sauti za watoto wa Goku, na mfululizo wa Dragon Ball Daima ulipotoka mwaka 2024 alitimiza miaka 88 akiwa bado kazini. Toriyama mwenyewe alitangulia mbele ya haki Machi mwaka huohuo, akiwa na miaka 68. Habari ilipotangazwa, vijana wa mtaani kwetu walibadilisha picha kwenye simu zao wakaweka za Goku siku ileile. Sisi kifo cha Bruce Lee kilitufikia kwa uvumi, kikakanushwa kwa uvumi.

Wazee wenzangu hulalamika kwamba kizazi hiki hakina subira. Nawaomba wajaribu Dragon Ball Z, vipande 291. Kwenye sayari ya Namek adui Frieza anatoboa kiini cha sayari hiyo na kutangaza kwamba zimebaki dakika tano ilipuke. Dakika hizo tano zinachukua takriban vipande kumi. Watu wanatazamana, wanapumua, wanakumbuka utotoni, mawe yanaelea. Kijana anayenunua bando la siku kwa fedha ya kuunga-unga, akalitumia kumtazama mtu akikusanya nguvu, ana subira, na mtu asinibishie. Ameipata kwa njia yake, amelala kitandani, sawa. Lakini anangoja, na anajua kwa nini anangoja.

Ninapotofautiana nao ni kwenye zile nywele. Katika mfululizo wa kwanza nguvu inatoka kwenye maziwa na shamba. Baadaye tunaambiwa Goku ni wa kabila la wapiganaji kutoka sayari nyingine, na kila adui anapozidi, kumbe ndani ya damu yake mlikuwa na ngazi nyingine, na rangi nyingine ya nywele. Hapo hadithi inakaribia kusema kwamba mtu huzaliwa nayo, jambo ambalo rika letu, lililoambiwa tangu darasa la kwanza kwamba binadamu wote ni sawa, haliwezi kulipokea kirahisi. Mjukuu wangu mkubwa alinijibu kwa adabu, na jibu lake lilikuwa zito: kwamba hata katika kabila hilo Goku alihesabiwa wa daraja la chini kabisa, na Vegeta, aliyezaliwa mfalme mtarajiwa, ndiye aliyeachwa nyuma, kwa sababu wa chini alifanya mazoezi zaidi. Nilikubali kwamba ni hoja. Bado nasimama na mzee wa magamba ya kobe, na nimewashauri waurudie ule wa kwanza kabla ya kubishana nami tena. Wakasema wameshaumaliza tangu shule ya msingi, na kwamba mwenye deni ni mimi, maana sijafika Dragon Ball Super wala Daima.

Ni kweli, sijafika. Niko Namek, na zile dakika tano bado hazijaisha.