Homa Imeshuka, Kwa Nini Mtoto Arudishwe Zahanati?

Sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 twaikumbuka klorokwini kwa uchungu wake ulimini na kwa mwasho uliotukesha usiku. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliiacha, kwa kuwa vimelea vya malaria vilikwishaizoea, na SP ikashika nafasi yake. SP nayo haikudumu hata miaka 6. Mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto, ALu, tuitumiayo hadi leo. Wapo watoto waliozikwa katika miaka ile ilhali hawakukosa dawa. Walipewa, wakainywa, nayo haikufanya kazi.

Twaitaja historia hiyo kwa sababu ya mzozo uliofikishwa mbele ya kamati ya msikiti wetu. Zahanati moja iliandikisha watoto wenye malaria ili kupima kama ALu ingali inaponya. Mtoto hutolewa tone la damu kidoleni, hupewa dawa, hurudi siku 3 mfululizo, kisha siku ya 7, 14, 21 na 28. Hadi siku ya 3 wazazi hawakunung'unika. Baada ya hapo homa imeshuka, mtoto anakimbia uani, na baba anauliza: damu ya nini tena? Mmoja alidai kuwa inauzwa. Mwingine, ambaye hoja yake tuliiona nzito zaidi, alisema kuwa mwanawe aliandikishwa Ijumaa, hivyo safari zote za kila wiki zinaangukia Ijumaa.

Tulikwenda pamoja na imamu kwa mganga mfawidhi, tukauliza bila kupindapinda. Alieleza kuwa vimelea vichache huweza kusalia katika damu bila homa, na mgonjwa akajiona mzima. Tone la siku ya kwanza hukaushwa juu ya karatasi maalumu. Malaria ikirejea, tuseme siku ya 21, tone jipya hulinganishwa na lile katika maabara, ijulikane kama ni vimelea vilevile vilivyoiponyoka dawa, au mbu mwingine amemwambukiza mtoto upya. Dawa ikishindwa kwa asilimia 10 ya wagonjwa, Shirika la Afya Duniani hushauri ibadilishwe. Hesabu hiyo yawategemea watoto wanaorudi.

Wala si hofu ya mbali. Huko Kagera watafiti wamekuta vimelea vyenye badiliko liitwalo R561H, lililoonekana pia Rwanda, ambavyo huchelewa kuondoka katika damu hata baada ya siku 3 za dawa. ALu bado inawaponya walio wengi huko, kwa kuwa ina dawa mbili ndani yake: moja hupunguza vimelea kwa haraka, ya pili hubaki mwilini kwa siku kadhaa kuvimaliza.

Tuliuliza pia kama mzazi ana haki ya kumtoa mwanawe. Tukajibiwa kuwa anayo, siku yoyote, na matibabu hayatakatishwa. Kwa jibu hilo tuliona si halali yetu kutoa amri mimbarini juu ya damu ya mtoto wa mtu. Tulieleza tu, baada ya swala. Kuhusu Ijumaa, zahanati ilikubali kuwapokea watoto mapema asubuhi.

Kilichotushughulisha zaidi kilijitokeza katika mazungumzo hayo. Akina mama kadhaa walisema kuwa siku ya 2 homa ikishuka, vidonge vinavyobaki huwekwa kabatini kwa ajili ya ndugu yake atakayeugua. ALu ni dozi 6 kwa siku 3. Inayonywewa nusu haimponyi wa kwanza sawasawa wala haimtoshi wa pili, na vimelea vinavyosalia ndivyo vinavyojifunza kuishi nayo. Tena hufaa inywewe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Uji wa nazi au kikombe cha maziwa chatosha.

Baba wa Ijumaa alimrudisha mwanawe hadi siku ya 28. Yule wa damu kuuzwa hakurudi tena. Tunasalimiana naye kila alfajiri, na vidonge, atuambia mwenyewe, mtoto alivimaliza vyote.